Tovuti ya fundi iongee lugha ya mteja

Biashara matangazo, ndivyo wanavyoambiana wafanyabiashara wetu, na siku hizi moja ya bidhaa wanazouziwa sana ni ahadi ya kuwekwa ukurasa wa kwanza wa Google. Ahadi hiyo hufika kwa barua pepe, kwa WhatsApp, na wakati mwingine kwa kijana aliyevaa nadhifu anayepita duka kwa duka. Mwenye duka la vipuri, mwenye saluni na fundi wa makochi huambiwa kwamba tovuti zao zimezama, na kwamba yupo mtaalamu anayeweza kuziibua ndani ya wiki mbili kwa malipo ya kila mwezi. Anayelipa husubiri. Miezi inapita, simu haiiti, mtaalamu anasema Google imebadilisha mfumo, na mwenye duka anahitimisha kwamba mambo ya tovuti ni ya wakubwa. Hitimisho hilo si sahihi, na linamnyima riziki. Biashara ndogo ya Afrika Mashariki haikosi kuonekana mtandaoni kwa sababu imekosa mbinu za siri. Inakosa kuonekana kwa sababu tovuti yake haisemi lolote ambalo mteja analitafuta, na hata hicho kidogo inachosema, inakisema kwa maneno ambayo mteja hayatumii. Dawa yake ni ya bei nafuu ingawa ina kazi: kuandika, kwa Kiswahili anachokizungumza mteja, majibu ya maswali yale yale ambayo mwenye duka huyajibu kwa mdomo kila siku.

Tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda. Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wazo lao la msingi lilikuwa kwamba ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingine nyingi, hasa zile zinazoheshimika, bila shaka una manufaa kuliko ukurasa ambao hakuna anayeutaja. Kila kiungo kilihesabiwa kama kura. Palipo na kura hapakosi wanunuzi wa kura, na tangu hapo sehemu kubwa ya historia ya kazi ya kupandisha tovuti katika matokeo, ambayo wenyewe huiita SEO, imekuwa ni ya watu kutafuta mwanya na Google kuuziba. Zamani mtu aliweza kuficha ndani ya ukurasa orodha ndefu ya maneno ili roboti, yaani programu ya Google inayosoma kurasa, iyasome na mgeni asiyaone. Septemba 2009 Google ikaeleza hadharani kwamba orodha hiyo haiitumii kabisa katika kupanga matokeo. Mwaka 2011 mabadiliko yaliyoitwa Panda yaliziporomosha tovuti zilizojaza makala hafifu za kuvutia wapitaji, na mwaka 2012 mabadiliko ya Penguin yakawafuata wanunuzi wa viungo. Machi 2024 zikaja kanuni dhidi ya wanaofyatua kurasa kwa wingi kwa msaada wa mashine, na dhidi ya wanaonunua majina ya tovuti zilizokufa ili wafaidi heshima ya marehemu.

Anayedhani kwamba yeye atapita salama aangalie waliokamatwa. Februari 2006 Google iliiondoa katika matokeo yake tovuti ya Kijerumani ya BMW, kwa sababu ilikuwa imeandaa kurasa zilizojazwa maneno ya kuuza magari yaliyotumika kwa ajili ya roboti peke yake, huku mgeni akipelekwa ukurasa mwingine. Miaka mitano baadaye gazeti la New York Times lilifichua kwamba maduka ya JCPenney ya Marekani yalikuwa yakiongoza katika utafutaji wa bidhaa chungu nzima kwa nguvu ya viungo vilivyopandikizwa katika tovuti zisizohusiana nayo hata kidogo. Google ilipochukua hatua, kwa waliotafuta fenicha za sebuleni JCPenney ilianguka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 68 katika muda wa saa mbili. Kampuni ilikana kuhusika na ikavunja mkataba na waliokuwa wakiifanyia kazi hiyo. BMW ilisafisha kurasa zake na kurudishwa baada ya siku chache, na JCPenney ilikuwa na jina ambalo Wamarekani walilijua hata bila Google. Fundi wa Dar es Salaam au wa Kisumu hana jina la namna hiyo. Akiadhibiwa kwa ujanja alionunuliwa na mtu mwingine, huenda asijue kamwe kwamba ameadhibiwa. Ndiyo maana inafaa kukumbuka kwamba Google yenyewe, katika maelekezo yake kwa wanaotaka kuajiri wataalamu wa kazi hii, inasema hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza, na kwamba matunda ya kazi halali kwa kawaida huonekana kati ya miezi minne na mwaka mzima. Anayeahidi wiki mbili ameshajieleza.

Sasa tutazame tovuti ya kawaida ya biashara ndogo kwa karibu. Tuchukue fundi wa kufikirika wa Keko, Dar es Salaam, eneo ambalo kila mtu mjini analijua kwa vitanda, makabati na makochi. Ukurasa wake wa mbele umeandikwa kwa Kiingereza alichokinakili kijana aliyemtengenezea, na ukiusoma kwa Kiswahili unasema: karibu katika kampuni inayoongoza kwa kutoa suluhisho bora za samani zenye viwango vya kimataifa. Chini yake pana picha ya watu wasiojulikana wakipeana mikono ofisini. Kisha inafuata dhamira ya kampuni, dira ya kampuni, na tunu za kampuni. Orodha ya bei ipo, lakini ni picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu na kupandishwa ilivyo. Namba ya simu nayo imo ndani ya picha ya bango. Jina la ukurasa, lile linalotokea kwa maandishi makubwa kwenye matokeo ya utafutaji, linasema kwa Kiingereza "Home" na basi. Roboti ya Google husoma maandishi kwanza, na picha inaielewa zaidi kwa kusaidiwa na maneno yaliyo karibu nayo. Ikipita kwenye ukurasa huu itaondoka bila kujua kama samani hizo ni vitanda, makochi au makabati. Mwanadamu naye akiingia kwa bahati ataondoka vilevile.

Upande wa pili wa barabara yuko mteja. Anahamia chumba kipya Mbagala, ana simu mkononi, na anaandika maneno kama "bei ya kitanda cha mninga sita kwa sita" au "makochi ya bei nafuu Dar". Haandiki "suluhisho za samani". Akimpigia fundi simu, maswali yake yanajulikana kabla hajafungua mdomo: mbao ni mninga kweli au ni mkongo uliopakwa rangi? Zimekauka? Bei ni pamoja na godoro? Advansi ni kiasi gani, na kazi inachukua siku ngapi? Mnaleta mpaka Chanika, na gari nalipa mimi? Kikivunjika chaga ndani ya mwaka mnatengeneza? Fundi huyajibu maswali haya kila siku, kwa ufasaha, bila kushauriwa na mtaalamu yeyote. Majibu hayo, yakiandikwa kila bidhaa na ukurasa wake, na kila ukurasa ukapewa jina linalosema kilichomo, kwa mfano "Vitanda vya mninga Keko: vipimo, bei na muda wa kazi", ndiyo tovuti yenyewe. Hakuna siri nyingine kubwa kuliko hiyo. Maneno ya mteja yanakuwemo ukurasani kwa sababu ndiyo maneno ya kazi, bila mtu kuyachomeka, na ukurasa unakuwa na kitu ambacho tovuti nyingine haina.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, na sisukumwi na uzalendo. UNESCO inahesabu wazungumzaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200. Lakini takwimu za W3Techs, wanaofuatilia lugha zinazotumika katika tovuti duniani, zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tovuti ni za Kiingereza, na Kiswahili hakifiki hata asilimia 0.1. Kwa mwanaharakati wa lugha hiyo ni aibu. Kwa mfanyabiashara ni soko lenye vibanda vitupu. Anayeandika kwa Kiingereza kuhusu vitanda vya mbao ngumu anashindana na viwanda na maduka ya Marekani, Uingereza, India na China yenye waandishi wa kulipwa. Anayeandika kwa Kiswahili kuhusu vitanda vya mninga vinavyotengenezwa Keko anashindana na wachache mno, na wengi wao ni kurasa za matangazo ya rejareja zenye mistari miwili na picha moja. Mahali ambapo ushindani ni mdogo kiasi hicho, ukurasa wa kawaida ulioandikwa vizuri una nafasi ya kuonekana bila gharama ya viungo wala ya mtaalamu.

Wapo watakaosema kwamba Waafrika Mashariki hutafuta kwa Kiingereza, au kwa mchanganyiko, na kwamba idadi ya wanaoandika kwa Kiswahili ni ndogo. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Mteja wa Nairobi huchanganya lugha mbili katika mstari mmoja, na mteja wa Dar huandika "sofa" na "fenicha" kabla hajawahi kufikiria neno "samani". Basi tovuti nayo iandike "sofa" na "fenicha". Kiswahili ninachokitetea ni kile kinachosemwa dukani, pamoja na maneno yote yaliyokopwa yakakaa, si Kiswahili cha kamusi. Kuhusu uchache wa wanaotafuta, karakana yenye mafundi watano haihitaji wageni elfu kumi kwa siku. Watu ishirini kwa mwezi ambao tayari wamekata shauri kununua kitanda ni kazi ya kutosha kuwafanya mafundi hao watoke usiku. Kanuni niliyoanza nayo ni lugha ya mteja, na mteja hafanani kila mahali. Kampuni ya kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro, ambayo wageni wake wako Ujerumani na Marekani, iandike Kiingereza kizuri na Kijerumani kizuri, kwa mkono wa anayezijua lugha hizo. Tafsiri ya mashine iliyomwagwa bila mtu kuipitia haifai kwa upande wowote: kanuni za 2024 zinaihesabu miongoni mwa mbinu za kufyatua kurasa pale inapofanywa kwa wingi bila kumwongezea msomaji thamani, na mteja naye huitambua kwa sentensi ya kwanza.

Baada ya lugha, mahali. Kwa mtu anayetafuta fundi wa friji au duka la dawa lililo karibu, Google hutazama mambo matatu ambayo imeyataja yenyewe: biashara inahusiana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani, na inajulikana kiasi gani. Imesema pia kwamba hakuna njia ya kuomba wala kulipia ili kupandishwa katika matokeo hayo ya jirani. Umbali hauhongeki, na hapo mdogo ana nafasi ambayo mkubwa hana, kwa sababu kampuni ya Nairobi haiwezi kuwa karibu na mteja wa Nakuru kuliko jirani yake. Anachotakiwa mwenye duka ni kujaza sawasawa maelezo ya biashara yake kwenye ramani ya Google, jambo ambalo ni la bure: jina lile lile lililo kwenye bango, saa halisi za kufungua, pamoja na sikukuu, namba inayopokelewa, picha za dukani kwenyewe. Mahali paelezwe kwa njia zote mbili. Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, na namba ya nyumba na jina la mtaa sasa vinaweza kuandikwa. Lakini mteja anayeshuka kwenye daladala anaelekezwa kwa Buguruni Sheli, kwa msikiti, kwa shule na kwa mti mkubwa. Maelekezo hayo yakiandikwa, yanamfikisha mteja na kuifanya tovuti ieleweke ni ya wapi. Maoni ya wateja nayo yana uzito. Aliyeridhika aombwe kusema aliyoyaona, na aliyelalamika ajibiwe kwa adabu. Anayenunua sifa za uongo arudi akasome yaliyoipata JCPenney.

Jambo la tatu ni simu na bando. Wateja wengi wa biashara ndogo hawana kompyuta, na mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba imekamilisha kazi ya kuhamia kwenye simu, maana yake roboti yake huutathmini ukurasa kwa jinsi unavyoonekana kwenye simu. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kufika megabaiti 4. Kumi za namna hiyo katika ukurasa mmoja ni megabaiti 40, na mteja mwenye kifurushi cha siku atafunga kabla picha ya pili haijatokea. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, ukurasa mzima unakuwa megabaiti 2, na kwenye kioo cha simu hakuna atakayeona tofauti. Kasi imekuwa miongoni mwa vigezo vya kupanga matokeo ya simu tangu Julai 2018, ingawa Google husema wazi kwamba ukurasa wenye jibu zuri unaweza kuushinda wenye kasi. Huu ni utaratibu wa kumheshimu mteja anayelipia kila megabaiti anayoifungua, na unafanyika kwa jioni moja.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: ya nini tovuti, wakati wateja wote wako Instagram, TikTok na WhatsApp? Ni kweli wako huko, na hakuna anayemwambia mfanyabiashara awakimbie. Lakini anayepitia picha Instagram anajipumzisha, na anayeandika "fundi wa kuchimba kisima Morogoro bei" ameshaamua kuchimba kisima. Huyu wa pili ana haja na fedha, na posti ya wiki tatu zilizopita haimfikii. Tena nyumba ya kupanga ina mwenyewe. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita, na biashara zilizokuwa na mlango huo mmoja zilifungwa pamoja nazo. Google nayo si mama mzazi: tovuti rahisi za bure ilizokuwa ikizitoa kwa biashara ndogo kupitia maelezo ya ramani ilizizima Machi 2024, na waliozitegemea wakajikuta hawana ukurasa. Somo la matukio haya mawili ni lile lile. Mwenye biashara awe na jina lake la tovuti alilolisajili yeye mwenyewe, liwe la .co.tz au .co.ke, kwa jina lake na si kwa jina la kijana aliyemtengenezea, na mitandao ya kijamii iwe njia ya kuwaleta watu hapo.

Kisha lipo suala la bei, ambalo kwa wafanyabiashara wetu ni nyeti. Mazoea ya "njoo DM" yamekita mizizi: anayeuliza bei hadharani anajibiwa faraghani. Wanaoyatetea wana hoja. Bei ya mbao hupanda na kushuka, mteja wetu hupenda kupatana, na mpinzani akiona bei atapunguza shilingi elfu kumi awachukue wateja. Hata hivyo mpinzani anayetaka kujua bei yako hahitaji tovuti; anapiga simu na kujifanya mteja. Unayemficha bei kweli kweli ni mteja mwenyewe, na pamoja naye injini ya utafutaji, ambayo haina sababu kubwa ya kumwonyesha anayetafuta "bei ya" kitu ukurasa usiotaja bei. Bei ya kuanzia, tarehe ilipoandikwa, na sentensi moja inayoeleza ni nini kinachoipandisha, yaani ukubwa, aina ya mbao, michoro, umbali wa kupeleka, vinatosha. Mapatano yataendelea kuwepo, ila yataanzia mahali panapojulikana, na watakaopiga simu watakuwa wale wanaoiweza bei hiyo.

Siku hizi lipo pia swali la akili mnemba. Tangu Mei 2024, Google ilipoanza kuwaonyesha watumiaji wa Marekani majibu yaliyotungwa na mashine juu ya viungo vya kawaida, na baadaye kuueneza utaratibu huo katika nchi nyingine, wapo wanaosema kazi ya kupandisha tovuti imekwisha, kwa kuwa mtu atapata jibu bila kufungua ukurasa wa mtu. Kwa maswali ya jumla wana haki ya kuhofu. Anayeuliza mninga ni mti wa aina gani hatahitaji tovuti ya fundi. Lakini anayetaka kujua nani anatengeneza kitanda cha mninga Keko wiki hii, kwa bei gani, na kama atakipeleka Kibaha, mashine haiwezi kumjibu mpaka fundi aseme mahali fulani panaposomeka. Ukweli wa karakana moja haumo katika ensaiklopidia yoyote. Kwa hiyo mabadiliko haya yanaziumiza tovuti zilizoishi kwa kurudia yanayojulikana, na yanaiongezea thamani tovuti inayosema yanayojulikana na mwenyewe tu. Hoja hiyo hiyo inamjibu anayeogopa nguvu za kampuni moja. Agosti 2024 mahakama ya Marekani iliamua kwamba Google ililinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria, na yeyote aliyejenga biashara yake juu ya kubahatisha siri za kampuni hiyo ana sababu ya kukosa usingizi. Ukurasa unaomjibu mteja unasomeka kwa Bing, kwa programu za akili mnemba, na kwa jirani aliyetumiwa kiungo kwenye kundi la WhatsApp la kanisa.

Kuhusu viungo, kura zile za mwanzo bado zina uzito, na fundi anaweza kuzipata bila kununua hata moja. Hoteli aliyoiwekea makabati inaweza kumtaja kwenye tovuti yake. Muuza mbao anaweza kuwataja mafundi anaowauzia. Aliyeonyesha bidhaa kwenye maonyesho ya Sabasaba au kupata mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, aombe kuorodheshwa pale washiriki wanapoorodheshwa, na chama cha mafundi wa jua kali kule Kenya kinaweza kuwatengenezea wanachama wake ukurasa mmoja wa pamoja. Viungo vitano vya watu waliofanya kazi naye vinamfaa kuliko mia tano vya tovuti za kamari za nchi asizozijua, ambazo ndizo hasa anazouziwa katika vifurushi vya kila mwezi. Matangazo ya kulipia kwenye Google nayo ni halali na yanaweza kumsaidia anayeanza, mradi aelewe kwamba hayampandishi katika matokeo ya kawaida, na kwamba fedha zikiisha na tangazo limekwisha.

Simaanishi kwamba mafundi wa tovuti hawana kazi. Ipo kazi yao ya kweli: kuhakikisha roboti haijafungiwa mlango kwa amri iliyosahaulika tangu tovuti ilipokuwa ikijengwa, kuweka usalama wa ukurasa, kusawazisha muonekano wa simu, kumwonyesha mwenye biashara zana ya bure ya Google inayomweleza ni maneno gani yaliwaleta watu kwake. Kwa kazi hiyo wanastahili malipo. Wasichostahili kulipiwa ni ahadi ya nafasi, wala maneno matupu yaliyonakiliwa kutoka tovuti nyingine. Mfanyabiashara anayeajiri mtu aulize maswali matatu kabla ya kutoa hela: jina la tovuti litasajiliwa kwa nani, utaandika nini kwenye kurasa zangu, na viungo utavitoa wapi. Asiyeweza kuyajibu kwa Kiswahili kinachoeleweka hana kazi ya kumfanyia.

Mwenye duka asingoje mtaalamu. Achukue daftari, na kwa wiki moja kila anayepokea simu aandike swali la mteja kwa maneno ya mteja mwenyewe, bila kulipamba. Mwisho wa wiki achague maswali kumi yaliyojirudia, ayajibu kama anavyoyajibu kila siku, akitaja bei, vipimo, siku na mahali, na ayapandishe moja moja kwenye tovuti. Baada ya hapo asubiri miezi, ayarekebishe bei zinapobadilika, na aongeze swali jipya kila linapojitokeza. Kazi hii haina njia ya mkato, na wanaouza njia ya mkato wanakula fedha za watu wasio na fedha za kupoteza.